Kengele ya Mzunguko wa Mwisho

Mtu akija dukani kwangu kuniambia kwamba mchezo ni mchezo tu, namwambia aende akanunue kwingine. Nauza chakula cha ng'ombe hapa Kapseret, karibu na uwanja wa ndege, na wateja wangu ni wafugaji wadogo wadogo, watu wapole wanaokuja na bodaboda kuchukua gunia moja na kuwahi kukamua. Mwaka huu hata hao niligombana nao. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama mbele ya kaunta siku chache baada ya mechi ya mwisho, gunia lake likiwa limeshafungwa kwenye pikipiki, akanituma kwa mke wangu. Nimwambie kwamba wale wasichana wangekimbia, wangeshinda. Nilimuuliza wangekimbia kwenda wapi. Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Mke wangu alikuwa kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, katika chuo kimoja kidogo mjini Eldoret ambacho sitakitaja jina kwa sababu watu wake bado nakutana nao sokoni na kanisani. Kazi yake ya mshahara ni kufundisha hesabu sekondari. Timu ilikuwa kazi ya moyo, halipwi hata nauli. Aliikuta ikiwa kundi la wasichana wachache wanaorushiana mpira mmoja uliochubuka, akaivuta pole pole, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi ikaingia ligi ya juu ya vyuo. Nilimwona akirudi nyumbani na jua la mchana mzima usoni, amechoka kama mtu aliyetoka kuvuna, na bado anachora vijiti vya wachezaji juu ya meza kwa kidole chenye maji. Msimu huu ndio ulikuwa wa kubaki juu au kushuka. Afisa wa michezo wa chuo alimwita mapema kabisa akamweleza bila kuzunguka: wakishuka, timu itapewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mechi niliyokwenda kutazama mwaka huu, sikuwa natazama vikapu. Nilikuwa natazama kama mke wangu atabaki na timu yake.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu huu mji. Nalieleza nikiwa mtu aliyezaliwa hapa hapa, ila miguu yangu haikupewa baraka za hapa. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri wakaja kufungua duka. Shule ya msingi nilikuwa nafika mwisho katika kila mbio, nikifika nakuta mwalimu ameshakunja utepe na anakunywa soda. Hakuna aliyenicheka, walinihurumia tu, jambo ambalo ni baya zaidi. Kukimbia hapa si mchezo, ni jinsi watu wanavyopima kila kitu. Mtoto akichelewa darasani anaulizwa kwa nini hakukimbia. Ng'ombe akinunuliwa kuna mtu atatazama kifua chake kana kwamba ataingizwa kwenye mbio za nyika. Na timu yoyote ya mchezo wowote ikija kutoka kule chini, iwe Kisumu au Mombasa, mashabiki wetu wanasugua viganja, eti hewa nyepesi ya huku juu itawamaliza. Wanaotazama mpira wa kikapu hapa kwetu ni watu wa riadha ambao Jumamosi hiyo wamekosa mbio za kwenda kutazama.

Mwenyekiti wa mashabiki wa ile timu ni mwalimu mstaafu wa michezo. Ana kofia ya pama, fimbo ambayo haihitaji, na sauti ya kuita watoto kutoka mwisho wa uwanja. Yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu shule ya msingi, huko Chepsaita, na mke wangu akiwa bado mtoto mdogo, mwalimu alikuwa ameshakwenda kwa baba yake kumwambia kwamba yule msichana atakuwa wa mita elfu moja mia tano. Mke wangu alikimbia kweli, akashinda kweli. Kisha akaingia sekondari, akakuta kikapu kimepigiliwa kwenye nguzo nyuma ya bwalo, na mbio zikaishia hapo. Mwalimu hakumsamehe kamwe. Kila akimwona anamuuliza kwa utani miguu ile aliipeleka wapi, na mke wangu anacheka na kuinama kidogo kumsalimia, kwa sababu mwalimu aliyekufundisha kusoma saa huwezi kumjibu unavyotaka.

Huyu mwalimu alikuwa na kengele. Kengele ya mkono, ya shaba, aliyokuwa akiipiga kwenye mashindano ya riadha wakimbiaji wanapoingia mzunguko wa mwisho. Alipochaguliwa mwenyekiti aliileta kwenye mpira wa kikapu. Ikifika dakika ya mwisho ya mechi na sisi tukiupata mpira, anasimama, anavua kofia, anaigonga kwa nguvu zake zote, na mashabiki wote wanaamka na kupiga kelele moja: kimbia, kimbia, kimbia. Watu waliipenda sana. Walileta wageni kuja kuiona.

Mke wangu alimwendea mapema, kwa adabu zote, akamwomba aiache nyumbani. Alimweleza kwamba katika mpira huu, ukiwa mbele mwishoni, unatulia. Unashika mpira, unaacha saa ifanye kazi. Na wasichana wake karibu wote walilelewa kwenye mbio za shule, kengele ile wanaijua tangu wakiwa na meno ya utotoni, ikilia miguu inaitikia kabla kichwa hakijaulizwa. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kuamsha damu. Mke wangu akaenda kwa afisa wa michezo. Afisa akamwambia wale mashabiki ndio wanaotafuta gari la safari na jezi, tafadhali asiwaudhi. Tena akaona amsaidie zaidi: nusu ya muda wa mazoezi ukageuzwa kuwa mbio za barabarani, kuongeza pumzi. Nilichemka aliponieleza. Nikamuuliza kwa nini hakugonga meza. Akasema akigonga meza atatolewa na wasichana watabaki na mbio peke yake, heri nusu.

Msimu ukaenda vile ulivyokwenda. Tulikuwa tunapoteza mpira tukiwa na pumzi tele. Wasichana walipaa kutoka kikapu hadi kikapu, wakirusha wakiwa hewani, wakigongana wao kwa wao, na wageni wakiwa wamesimama mahali pao wanaokota na kufunga. Mechi ikiisha, wetu hawakuwa hata wanahema. Ungedhani wangeweza kuanza nyingine. Na kila tukifungwa, mashabiki walitoka wakisema kitu kile kile, kwamba hawakukimbia vya kutosha. Mimi nilikuwa nakaa katikati yao nikisaga meno. Nilijaribu mara moja kumweleza mama mmoja anayeuza mitumba, ambaye ndiye mtunza hazina wao, kwamba mpira hauchoki, hata uukimbize vipi. Akaniangalia kwa huruma ile ile ya shule ya msingi.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, na timu kutoka kule ziwani. Tukishinda tunabaki, tukishindwa tunashuka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, watu wakafagia maji kwenye saruji kwa matawi na mifagio, na hadi mechi inaanza hapakuwa na pa kuweka mguu. Wageni walicheza wakitembea. Sitanii, walikuwa wanautembeza mpira kama mtu anayepeleka mbuzi kwenye maji. Mashabiki wetu walicheka, wakasema mnaona, hewa imeshawamaliza. Mimi nilijua hawajachoka. Mke wangu pia alijua, nilimwona pale kwenye benchi akiwaambia wasichana wetu kwa mikono yote miwili, viganja chini: tulieni. Na safari hii wakamsikia. Wakatulia. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima niliona timu aliyokuwa akiichora mezani kwetu kwa maji, wanapeana, wanangoja, wanatazamana. Nilishikwa na furaha hata nikasahau kuwa na hofu.

Tuliingia dakika ya mwisho tukiwa mbele kwa pointi moja. Wageni wakarusha, wakakosa, mpira ukaangukia mikononi mwa kapteni wetu, msichana mfupi mwenye mikono mikubwa, mwanafunzi wa ualimu, ambaye mke wangu alimwamini kuliko wote. Sekunde zilizobaki zilikuwa chache kuliko zile ambazo sheria inakuruhusu kukaa na mpira bila kurusha. Yaani hakuhitajika kufanya kitu. Ashike mpira tu, asimame. Wakimshika kwa nguvu, refa atapuliza. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mstari, viganja chini.

Kengele ikalia.

Nilimwona yule msichana anainua kichwa. Nilimwona anamtazama mke wangu, ninaapa alimwona, kisha umati wote ukainuka na lile neno lao, na miguu ikamtoka. Alikimbia vizuri sana. Aliwapita wote, akabaki peke yake na kikapu, akarusha kwa ile kasi yake, mpira ukagonga ubao na kurudi juu ya kichwa chake hadi kwa mgeni mmoja aliyekuwa akimfuata kwa nyuma. Akaurusha mbele. Kule mbele kulikuwa na mwenzake, peke yake, maana wetu wote walikuwa wamekimbia. Akaweka kikapuni bila haraka. Tukafungwa kwa pointi moja na tukashuka ligi.

Mashabiki wakaanza kutukana. Sijui mtu anawezaje kupata matusi kwa haraka hivyo. Mmoja akarusha gunzi la mahindi likadunda hadi katikati ya uwanja. Wengine wakaanza kuimba arudi hesabu, arudi hesabu, wakimwonyesha mke wangu kidole, na yule mwenyekiti, kengele ikiwa bado mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba yeye alishasema hawa watoto hawana pumzi. Nilikuwa karibu naye. Nilitamani kuichukua ile kengele niitupe hadi Uganda. Kapteni alikuwa ameketi chini ya kikapu amefunika uso, na mke wangu akatembea katikati ya zile nyimbo, akaketi kando yake kwenye saruji yenye maji, na sketi yake nzuri ya mechi.

Wiki ile nzima mji ulikuwa na hasira, na hasira ya mji ilikuwa na jina moja, Kocha. Kinyozi mmoja mjini alikata nywele zangu upande mmoja huku akinieleza kosa la mke wangu, hakujua mimi ni nani, nikamwacha amalize upande wa pili ndipo nikamwambia. Katika kundi la simu la mashabiki watu waliandika hadi vidole vikachoka. Nikaandika sentensi moja tu, kwamba tulikuwa tumeshinda hadi kengele ilipolia. Nikatolewa kwenye kundi.

Jumapili baada ya ibada wakaja nyumbani. Kamati ya mashabiki: mwenyekiti, yule mama wa mitumba, na kijana wa bodaboda ambaye ndiye katibu. Hawakuja kugombana. Huku kwetu hata kumfukuza mtu kunafanywa kwa utaratibu, unamletea mkate na majani ya chai. Mke wangu akawapokea, akachemsha chai ya maziwa, akaniomba niwamiminie. Niliwamiminia. Katibu akafungua kwa maombi, wakanywa, wakasifu maziwa, wakauliza habari za mahindi, wakauliza habari za watoto. Ndipo mwenyekiti akaweka kofia kwenye goti.

"Binti yangu," akasema, "hatukukuja na ubaya. Tumeongea na afisa, na yeye ameona vile sisi tumeona. Timu imeanguka, na kitu haiwezi kuanguka na hakuna mwenye ameisukuma."

"Mwenye aliisukuma ameshika kikombe yangu," nikasema.

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na kurudi nyuma ingekuwa aibu tupu. Nikawaambia mambo yote, viganja vya mke wangu, sekunde zilizobaki, kengele, miguu ya yule msichana. Nikamwambia mwenyekiti kwamba amekuwa akimlaumu mtu huyu tangu akiwa mtoto kwa sababu aliacha kukimbia, na sasa amepata nafasi ya kumwadhibu. Mama wa mitumba akatazama sakafu. Mzee mwenyewe hakukasirika. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto aliyefika mwisho, na nilipomaliza akasema tu kwamba kengele haichezi mpira.

"Wacha, Baba watoto," mke wangu akaniambia, taratibu. "Wageni wanakunywa chai."

Kisha akamgeukia mwalimu wake na kumwambia ana ombi moja. Huyo kocha anayekuja, ambaye walikuwa wameshatueleza ni mkimbiaji wa zamani wa nusu marathoni na kwamba anaanza kesho alfajiri kwa mbio za barabarani, tafadhali awafundishe wasichana kusimama na mpira. Wameanza kuelewa, akasema, ule mchezo wa mwisho walikuwa wameelewa karibu kabisa. Ni kidogo kidogo tu, wasiache.

"Kusimama?" mwenyekiti akasema, na akatabasamu kwa upendo, hilo siwezi kumnyima. "Binti yangu, hapa ni Eldoret."

Wakaomba tena kabla ya kuondoka, safari hii mama wa mitumba. Alimshukuru Mungu kwa chai na kwa nyumba ile, akamshukuru kwa mama mwenye nyumba na kazi yote aliyoifanya kwa watoto wa chuo, na akamwomba alete sasa kocha mwenye atawapa hawa watoto mbio, wakimbie na wasichoke, wapande tena. Mke wangu ndiye aliyesema Amina kwanza, na kwa sauti iliyo wazi. Mimi sikusema. Nilikuwa nimefumbua macho muda wote, nikiitazama ile kofia kwenye goti la mzee.

Walipotoka nikaanza kuosha vikombe kwa hasira, kimoja kikavunjika, na sijui kama nilikigonga au kiliteleza. Nikamuuliza anawezaje kusema Amina kwa maombi kama yale. Kukaa kimya kungemuumiza nani? Nilikuwa namkasirikia sasa hata yeye, kwa ule upole, kwa kuinama mbele ya mtu aliyemwangusha, kwa kuwapa maziwa mazuri ya ng'ombe wetu.

"Wameombea wale watoto washinde," akasema. "Ungetaka ninyamaze, Mungu afikirie mimi nataka washindwe?"

Nikaokota vipande. Nje ndege ya jioni ilikuwa inatua, na katika ule mvumo wake simu yake ikalia juu ya meza. Alikuwa kapteni. Kamati ilikuwa imekuja kwetu kwanza kwa heshima, wasichana wenyewe hakuna aliyewaambia kitu, na yule mtoto alikuwa anapiga kama alivyopiga kila Jumapili kuuliza mazoezi ya kesho ni saa ngapi. Mke wangu akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, nikimaanisha amwambie ukweli, amwambie ni nani waliomtoa, ili angalau wasichana nao wakasirike.

"Saa kumi na moja asubuhi, hapo getini," akamwambia. "Mje na viatu vya kukimbia." Akasikiliza. "Hapana, mimi sitakuwa. Kuna mwalimu mwingine mtapata hapo, mmsikize." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, na nikaona mkono wake mwingine umeshika ukingo wa meza. "Hapana," akasema. "Hapana, mama. Lala salama."

Akaweka simu chini. Nilikuwa bado na maneno mengi ya kuwasema wale watu, mengine makali sana, yalikuwa yamepangana mdomoni tayari. Lakini nilipomwona usoni nikayameza, nikamuuliza tu yule msichana alikuwa anataka nini.

"Ameniuliza kama kesho abebe mpira," akasema.